Pirates walimlipa Paul Skenes chini ya dola milioni moja mwaka 2025: ni sheria au ni ubahili?

Mama wa Mito Mitatu

Salaam wakuu. Mtoto ameniuliza swali nikakosa jibu, ndiyo maana nimekuja kwenu mnaoijua besiboli ya Marekani kuliko mimi.

Naishi Pittsburgh mwaka wa tisa huu, nafanya zamu ya usiku kwenye dobi ya hospitali. Mchezo huu nilikuwa siujui kabisa. Aliyeniingiza ni kijana wangu, ana miaka 11, mrushaji katika timu ya watoto. Kila jioni kabla sijatoka kwenda kazini namsikia nyuma ya nyumba: mpira na ukuta, mpira na ukuta. Anayemwiga ni Paul Skenes, mrushaji wa Pirates, timu ya Ligi Kuu ya hapa Pittsburgh. Anamwiga mpaka masharubu. Siku ya kupiga picha ya timu aliyachora kwa wanja wangu, na sikumgombeza.

Mei 11, 2024 tulikuwepo PNC Park, uwanja wa Pirates, siku Skenes anacheza mara yake ya kwanza Ligi Kuu, dhidi ya Cubs wa Chicago. Wapigaji 7 waliondoka kwa straiki tatu mbele yake. Baadaye mvua ikasimamisha mchezo zaidi ya saa mbili, tukajibanza chini ya paa, mimi nawaza usingizi wangu, na mtoto hataki kusikia habari ya kurudi nyumbani ingawa Skenes mwenyewe alikuwa keshatoka. Pirates walishinda 10 kwa 9. Sijawahi kumwona mwanangu vile.

Mwaka huohuo Skenes akawa mchezaji chipukizi bora wa Ligi ya Taifa, moja ya ligi mbili zinazounda Ligi Kuu. Mwaka 2025 akachukua Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, na wapiga kura wote 30 waliweka jina lake juu. Kwa kila mchezo kamili wa vipindi tisa, wapinzani walimfunga wastani wa pointi 1.97 tu. Timu yenyewe ilishinda michezo 71 ikapoteza 91. Yeye alishinda 10 akapoteza 10, maana unaweza kurusha kama malaika na bado ukashindwa kama wenzako hawapati hata pointi moja. Nimekaa kwenye viti vile nikaona hayo yakitokea.

Mshahara wake mwaka 2025 ulikuwa dola 875,000.

Sasa swali la mtoto. Kampuni ya kadi za wachezaji ilitoa kadi moja tu duniani yenye kiraka kilichotoka kwenye fulana aliyovaa Skenes siku ile ya kwanza. Kadi ikamwangukia mvulana wa miaka 11 kule Los Angeles. Pirates wakatangaza hadharani kwamba atakayewaletea watampa tiketi mbili za msimu mzima, nyuma kabisa ya kituo cha mpigaji, kwa miaka 30. Familia ya yule mtoto ikaipeleka mnadani, na Machi 2025 ikauzwa dola milioni 1.11. Mwanangu alifanya hesabu mezani huku anakula, akaniangalia: "Mama, kwa hiyo kipande cha fulana yake ni ghali kuliko yeye?"

Nikamwambia wakubwa wana mipango yao. Nilipofika kazini nikajisikia vibaya usiku kucha, maana nilimjibu kama mtu anayefukuza nzi.

Naomba nieleweke. Simlilii Skenes njaa. Mimi nikifua mashuka maisha yangu yote sitaigusa laki nane ya dola. Ninachouliza ni haki. Juan Soto, mpigaji, alisaini na Mets wa New York dola milioni 765 kwa miaka 15, ambayo ni wastani wa milioni 51 kwa mwaka. Ukigawa kwa michezo 162, Soto anakusanya mshahara wote wa Skenes kabla mchezo wa tatu haujaisha. Wanacheza ligi moja, na huyu ndiye mrushaji bora wa ligi yao.

Je, kuna sheria inayowazuia Pirates kumlipa zaidi? Na kama hakuna, kwa nini yeye asikatae akaenda kwingine? Nataka nimjibu mtoto ukweli safari hii.

---

Mzee wa Hesabu

Dada, swali lako la kwanza linajibika kwa sentensi moja: sheria inawaruhusu kumlipa kiasi kile, lakini haiwalazimishi. Imeweka sakafu, dari haikuwekwa.

Mambo haya yanaongozwa na mkataba wa pamoja kati ya klabu na chama cha wachezaji. Kwa mwaka 2025 kima cha chini kilikuwa dola 760,000, mwaka 2026 ni 780,000. Katika miaka mitatu ya kwanza ya mchezaji, klabu inapanga mshahara yenyewe, na kinachoibana hasa ni kile kima cha chini. Mchezaji akikataa kusaini, klabu ina haki ya kuuhuisha mkataba kwa kiasi inachotaka, na yeye anaingia uwanjani vilevile. Kwenda timu nyingine hawezi. Njia nyingine aliyo nayo ni kukaa nyumbani, na mkono wa mrushaji hauna miaka ya kukaa nyumbani.

Baada ya miaka mitatu anapata haki ya usuluhishi: yeye anataja kiasi, klabu inataja chake, na jopo la watu watatu linachagua kimoja kati ya hivyo viwili, hawaruhusiwi kukata katikati. Baada ya miaka sita ndipo anakuwa mchezaji huru.

Sasa neno "mwaka" hapo lina mtego. Msimu una siku karibu 187, na mwaka wa utumishi unahesabiwa siku 172. Klabu ikimwacha kijana ligi ndogo wiki mbili tatu za mwanzo, mwaka wake hautimii, na wao wanampata mwaka wa saba kwa bei ya chini. Kris Bryant wa Cubs mwaka 2015 alipiga mipira 9 nje ya uwanja katika michezo ya maandalizi, kuliko mtu yeyote. Wakampeleka Iowa, kwenye timu yao ya ligi ndogo, wakisema anahitaji kunoa ulinzi wake. Aprili 17 wakamwita. Alimaliza msimu na siku 171. Ikapungua siku moja! Akawa chipukizi bora mwaka ule, mwaka uliofuata akawa mchezaji bora wa ligi na Cubs wakachukua ubingwa wa dunia waliokuwa wameungoja tangu 1908. Alilalamika rasmi kupitia chama, na mwanzoni mwa 2020 akashindwa. Siku moja ile ikamgharimu mwaka mzima wa uhuru.

Na si Cubs peke yao. Mike Trout wa Angels alianza msimu wa 2012 akiwa na miaka 20, akaumaliza na mipira 30 nje ya uwanja na vituo 49 vya kuiba, yaani kukimbilia kituo cha mbele bila kungoja mpira upigwe, chipukizi bora kwa kura zote. Angels wakauhuisha mkataba wake wa 2013 kwa dola 510,000. Kima cha chini kilikuwa 490,000. Ndiyo kusema shukrani ya msimu ule ilikuwa dola elfu ishirini. Wakala wake alisema waziwazi kwamba haukuwa mkataba wa haki. Angels walijirekebisha: 2014 wakampa miaka 6 kwa milioni 144.5, na 2019 wakampa miaka 12 kwa milioni 426.5. Kwa hiyo hela ilikuwepo siku zote.

Hapo kwenu Pittsburgh lilitokea kwa mrushaji Gerrit Cole, tena sitalisahau. Mwaka 2015 alishinda michezo 19. Mwaka 2016 Pirates wakampa 541,000, sawasawa na alichokuwa amepata mwaka uliopita ukijumlisha na bonasi yake. Alisema hadharani kwamba amevunjika moyo. Januari 2018 wakamuuza Houston, na Desemba 2019 Yankees wakampa milioni 324 kwa miaka 9. Wazee walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Kwa Skenes kuna jambo moja jipya. Tangu mkataba wa 2022, baada ya wachezaji kufungiwa nje na wamiliki wa klabu siku 99, chipukizi anayeshika nafasi ya kwanza au ya pili katika kura za chipukizi bora anapewa mwaka mzima wa utumishi hata kama aliitwa kwa kuchelewa. Skenes aliitwa Mei, baada ya kuwatesa watu ligi ndogo kule Indianapolis kwa wastani wa pointi 0.99. Kwa kura zile mwaka wake ukatimia. Kama Pirates walikuwa wanaisubiri kalenda, kalenda haikuwasaidia.

---

Shabiki wa Viti vya Juu

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Naona Pirates wanapigwa mawe na nusu ya habari haijasemwa.

Skenes alipochaguliwa wa kwanza mwaka 2023 walimpa dola milioni 9.2 za kusaini, kabla hajarusha mpira hata mmoja wa kulipwa. Hakuna aliyewalazimisha kumpa 875,000 pia. Wangeweza kumpa 760,000 na sheria ingekuwa upande wao. Halafu kuna mfuko wa bonasi wa dola milioni 50 kila mwaka kwa vijana ambao hawajafikia usuluhishi. Mshindi wa Cy Young peke yake anapata milioni 2.5 humo. Kwa hiyo dada, mwambie mtoto kwamba mwaka 2025 mkono wa Skenes haukubeba laki nane tu.

La pili, klabu nayo inabeba hatari. Phillies walimpa Scott Kingery miaka 6 kwa milioni 24 mwaka 2018 kabla hajacheza Ligi Kuu, akapotea. Mariners walifanya vilevile kwa Evan White, akapotea. Pirates wenyewe walimpa Ke'Bryan Hayes milioni 70 mwaka 2022, gongo lake likapoa, na 2025 wakamhamishia Reds. Mrushaji ndiyo mbaya zaidi, kiwiko kikikatika ni mwaka na zaidi nje. Pittsburgh si New York. Mnataka klabu ya mji wa wastani iweke mayai yote kwenye kiwiko kimoja?

---

Mzee wa Hesabu

Mkuu, milioni 9.2 nakubali, nilipaswa kuitaja. Lakini ule mfuko wa bonasi unachangiwa na klabu zote 30. Skenes anaporusha kwa ajili ya Pittsburgh, Yankees na Dodgers wanamlipa bonasi yake pamoja na Pirates, kila mmoja fungu lilelile. Huwezi kuwasifu Pirates kwa mchango wa jirani.

Na habari ya mji mdogo: kila klabu inaweka asilimia 48 ya mapato yake ya nyumbani kwenye chungu kimoja, kisha wanagawana sawa. Chungu hicho kiliwekwa ili klabu kama Pirates ziweze kushindana. Mwaka 2018 chama cha wachezaji kilipeleka malalamiko dhidi ya klabu nne kuhusu namna zinavyotumia fedha hizo, na Pirates walikuwa mojawapo.

Hatari ya kiwiko ni kweli, ila angalia inamwangukia nani. Kiwiko kikikatika kesho, Pirates watatafuta mrushaji mwingine. Skenes atakuwa amewarushia miaka yake bora kwa bei ya sakafu, na ile siku ya kuuza jasho lake kwa anayemtaka huenda isifike.

---

Kibarua wa Zamani

Mimi besiboli naijua juujuu, ila siku 171 zimenitoa machozi kweli.

Nilipofika Marekani nilifanya kazi ghala moja, silitaji jina. Mkataba ulisema ukimaliza siku 90 unakuwa mfanyakazi kamili: bima ya afya, likizo, nyongeza ya saa. Nilikuwa mpakiaji wa haraka kuliko wote kwenye mstari wangu, msimamizi mwenyewe alikuwa akiwaleta wageni waniangalie ninavyopanga maboksi. Siku ya 86 akaniita pembeni akaniambia kazi zimepungua, nipumzike wiki mbili. Baada ya wiki mbili nikaitwa tena. Nikaanza kuhesabiwa kutoka siku ya kwanza.

Ilitokea mara tatu. Mara ya tatu mke wangu alikuwa mjamzito na ile bima ndiyo niliyokuwa naingoja.

Sikuwahi kuambiwa kwamba sifai. Nilisifiwa mpaka mlangoni. Ndiyo maana Shabiki unaposema walimpa zaidi ya kima cha chini, naelewa unachotaka kusema, ila mtu aliyehesabiwa siku anajua uchungu wake hauko kwenye kiasi. Mtu anakujua thamani yako, anaitumia kila siku, halafu anakaa na kalenda akitafuta siku ya kukukatiza. Yule Bryant alipata mamilioni mwishowe, namwombea ayale kwa amani. Lakini siku aliyoambiwa aende Iowa akanoe ulinzi, naijua sura aliyokuwa nayo.

Dada, mtoto amekuuliza swali la mtu mzima. Usimpunguzie jibu.

---

Shabiki wa Viti vya Juu

Pole sana kaka. Hapo sina ubishi.

Bado nasema kanuni ndiyo mbovu kuliko klabu. Pirates wakilipa peke yao na wengine 29 wasilipe, wataumia wao. Kanuni zikibadilika, zibadilike kwa wote.

---

Mama wa Mito Mitatu

Nimewasoma wote, baadhi mara mbili, nikiwa kwenye mapumziko ya saa tisa usiku.

Kaka Shabiki, habari ya milioni 9.2 nilikuwa siijui na nimeshamwambia mtoto, maana nilisema nataka ukweli. Ila nami nikujibu kidogo. Unasema Pirates wakilipa peke yao wataumia. Mimi nakaa hapa. Watu wanaimba "uzeni timu" kwenye viti, nimewasikia kwa masikio yangu, watu wazima na watoto wao mabegani. Timu haijaingia mtoano wa baada ya msimu tangu 2015, mwanangu alikuwa mchanga. Siku anayorusha Skenes daraja la Clemente linajaa fulana namba 30 kutoka ng'ambo mpaka ng'ambo. Fulana zile zinauzwa, tiketi zinauzwa, soda inauzwa. Faida ya Skenes wanaipokea leo, sasa hivi, na malipo yake wanayasogeza mbele. Hilo halikuwekwa na kanuni, maana Mzee kasema dari haipo.

Kaka Kibarua, Mungu akulipe. Dobi tunao wenzetu waliozungushwa hivyohivyo na wakala wa ajira. Sikuwahi kufikiri ni jambo linaloweza kumpata mtu aliye kwenye televisheni.

Mzee, naomba la mwisho. Atakuwa huru lini? Na hizi kanuni zitabadilika?

---

Mzee wa Hesabu

Hesabu yake ni hii: mwaka wake wa kwanza ni 2024, kwa sababu ya zile kura. 2026 ni wa tatu na wa mwisho kwa klabu kujipangia mshahara. Kuanzia 2027 anaingia usuluhishi, na hapo mshahara utaruka hata kama Pirates hawataki. Baada ya msimu wa 2029 ni mchezaji huru, akiwa na miaka 27. Isipokuwa wamuuze kabla, au wamwekee mezani mkataba mrefu anaouona wa haki.

Kuhusu kanuni, mkataba wa pamoja wa sasa unaisha Desemba 1, 2026. Watakaa mezani upya. Haya yote ya mchezaji kuwa huru yalipatikana kwa watu kugoma kunyamaza. Curt Flood wa Cardinals alikataa kuhamishiwa Philadelphia mwaka 1969, akaenda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani akashindwa 5 kwa 3 mwaka 1972, maisha yake ya uchezaji yakiwa yameshakwisha. Desemba 1975 Andy Messersmith na Dave McNally wakashinda mbele ya msuluhishi kile alichokosa Flood. Kabla ya hapo klabu ilikuwa ikimhuisha mchezaji mwaka baada ya mwaka mpaka mkono wake uchoke. Mwambie kijana amsome Flood, umri wake unatosha.

---

Mama wa Mito Mitatu

Nimemweleza jana kabla ya kwenda kazini, yote, na hesabu ya siku 172 nikamwandikia nyuma ya bahasha. Flood amemwelewa haraka kuliko nilivyomwelewa mimi.

Aliniuliza 2029 atakuwa na miaka mingapi. Kumi na tano. Akakaa kimya kidogo, kisha akataka kujua kama Skenes akiondoka ile fulana bado ataruhusiwa kuivaa. Nimemwambia fulana ni yake, aivae mpaka imbane. Akachukua mpira akatoka nje, na nilipokuwa nafunga viatu nikaanza kuusikia ukuta.